Gari la rimoti linapanua kona likiingia, mkia unaponyoka likitoka: nianzie wapi kurekebisha chasisi?

Utawala_RC ameuliza:

Hamjambo wanajukwaa. Ninaomba ushauri kuhusu gari langu la rimoti la ukubwa wa 1/10, linalosukumwa na magurudumu ya nyuma pekee. Nililinunua likiwa pikapu ya kuruka matuta, na sasa ninalitumia kwa mbio za kuzunguka uwanja wa udongo wenye umbo la yai, ambako tunakimbia kinyume na mwendo wa saa, kwa hivyo kona zote ni za kushoto. Uwanja ni mdogo na tuliuchonga wenyewe huku Utawala. Kwa kuwa ardhi ya huku ni ule udongo mweusi wa pamba, unaonata mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka, tulimwaga juu yake udongo mwekundu ulioletwa kwa lori kutoka upande wa Kikuyu, tukaumwagilia na kuushindilia. Kona zetu, nikipima kutoka kitovu hadi katikati ya njia, zina nusu kipenyo cha takriban mita 3.

Shida yangu ina sehemu mbili, na ndiyo maana inanichanganya. Ninapoingia kwenye kona, magurudumu ya mbele yanakata kushoto kama ninavyotaka, lakini gari linaendelea kwenda mbele na kupanua kona hadi ukingo wa nje. Nikisubiri mwendo upungue, linakubali kugeuka. Hata hivyo, ninapoongeza moto ili nitoke kwenye kona, gurudumu la nyuma la kushoto linazunguka bure na kurusha vumbi, gari linakosa nguvu kwa muda, kisha linashika kwa ghafla na mkia unaponyoka kuelekea kulia. Kwa maneno mengine, gari lilelile linakataa kugeuka mwanzoni mwa kona na linageuka kupita kiasi mwishoni mwake.

Wenzangu uwanjani wamenishauri mambo mengi: niweke springi laini mbele, nifunge tairi kubwa zaidi nyuma kulia kama yalivyo magari makubwa ya Marekani, nitie mafuta mazito kwenye difu (zile gia zinazoruhusu magurudumu mawili ya nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti), niongeze bawa juu ya bodi. Kila mmoja anaonekana kuwa na sababu yake. Ningependa kujua lipi hutangulia na kwa nini, kwa sababu vipuri vya mchezo huu vingi huagizwa kutoka nje na siwezi kununua kila kitu ili kujaribu tu.

Fundi_Kariobangi amejibu:

Ndugu Utawala, karibu sana, na nakushukuru kwa kueleza shida yako kwa utaratibu, maana wengi huandika tu kwamba gari halishiki barabara. Ombi langu ni kwamba usinunue kitu chochote kwanza. Pima uzito unaobebwa na kila gurudumu. Kila ushauri uliopewa unaweza kuwa mzuri au wa kuharibu kabisa, kutegemea uzito huo umekaaje, na hakuna mtu anayeweza kuujua kwa kulitazama gari likipita.

Unahitaji mizani nne ndogo za kidijitali za jikoni. Ukipata moja tu, tafuta vipande vitatu vya mbao vyenye kimo sawasawa na mizani hiyo, kisha uihamishe mizani kutoka gurudumu moja hadi jingine. Tafuta meza iliyonyooka au sakafu ya vigae na uikague kwa pima maji, kwa sababu meza iliyoinama hata kidogo itakupa majibu ya uongo. Kila mizani uijaribu kwa chupa ileile ya maji ya nusu lita, uone kama zote zinasoma sawa. Gari liwe kamili kama litakavyokimbia: betri ndani, bodi juu, magurudumu ya mbele yakitazama mbele kabisa. Kama lina fimbo ya kuzuia kulala, ifungue upande mmoja. Kabla ya kusoma, libonyeze gari mbele na nyuma mara kadhaa ili shoki zitulie, na uhakikishe hakuna mkono wa chasisi unaokwama kwenye pini yake. Mikono ya gari lililokimbia kwenye vumbi letu jekundu hukwama sana, na mkono mmoja uliokwama unatosha kukupotosha kabisa. Uchomoe kichwa cha shoki, uuinue mkono kwa kidole na uuachie: ukianguka wenyewe kwa uzito wake, uko sawa, ukibaki juu au ukishuka kwa kusitasita, toa pini, isafishe kwa kitambaa kikavu bila kutia grisi, kwa kuwa grisi hukamata vumbi na kuligeuza kuwa msasa.

Ukishapima, tuletee namba nne, upana kutoka katikati ya tairi la kushoto hadi katikati ya tairi la kulia, na mahali betri ilipo.

Utawala_RC amejibu:

Asante sana, Mzee. Nimepima jinsi ulivyoeleza, na ni kweli mkono wa nyuma wa kulia ulikuwa mzito kushuka, nimeusafisha. Namba ni hizi: mbele kushoto gramu 430, mbele kulia gramu 510, nyuma kushoto gramu 700, nyuma kulia gramu 760. Upana wa tairi hadi tairi ni milimita 250. Betri ina gramu 300 na imelala upande wa kulia, kitovu chake kikiwa milimita 40 kutoka mstari wa katikati. Kidhibiti mwendo na risiva (kipokezi cha mawimbi ya rimoti) pia viko kulia. Chasisi ni bapa na ina nafasi upande wa kushoto, kwa hivyo ninaweza kuvihamisha vyote nikitoboa matundu machache.

Fundi_Kariobangi amejibu:

Hapo sasa tuna kitu cha kuzungumzia. Jumla ya gari lako ni gramu 2,400. Upande wa kushoto una gramu 1,130, yaani takriban asilimia 47. Nyuma kuna gramu 1,460, karibu asilimia 61, na hiyo si mbaya kwa gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma. Namba ya tatu ndiyo ambayo wengi hawaihesabu: uzito wa mshazari, yaani nyuma kushoto ukijumlisha na mbele kulia. Wako ni gramu 1,210, asilimia 50 na kitu.

Anza na hiyo 47. Gari linapogeuka kushoto, uzito huhamia kulia. Kiasi kinachohama unaweza kukikadiria: zidisha uzito wa gari kwa nguvu ya kona, zidisha kwa kimo cha kitovu cha uzito, kisha gawanya kwa upana wa magurudumu. Tuchukue kwamba kitovu chako kiko milimita 50 juu ya ardhi na kona inakuvuta kwa nguvu ya 0.8 ya uzito wa gari. Gramu 2,400 mara 0.8 mara 50, gawa kwa 250, unapata gramu 384. Kwa hivyo katikati ya kona matairi yako ya kushoto yanabaki na gramu 746 tu, na ya kulia yanabeba 1,654. Tairi likiongezewa uzito hushika zaidi, lakini si kwa kiwango kilekile cha uzito ulioongezwa, na ndiyo sababu matairi mawili yanayogawana mzigo hushika kuliko jozi ambayo moja limelemewa na jingine linaelea. Ni kama abiria wa matatu kwenye mzunguko wa barabara: wakilalia wote upande wa nje, dereva analisikia gari lote kwenye usukani. Gari lisilokata kulia kamwe linapaswa kuanza likiwa limelalia kushoto.

Hamisha betri hadi milimita 40 upande wa kushoto. Imesafiri milimita 80. Gramu 300 mara 80, gawa kwa 250, ni gramu 96 zilizotoka kulia kwenda kushoto bila kuongeza uzito wowote. Ukihamisha na kidhibiti mwendo pamoja na risiva, utakaribia asilimia 52. Mimi huanzia kati ya 53 na 55, lakini 52 inatosha kwa mwanzo. Ukitaka kuongeza kidogo baadaye, vile vipande vya risasi vya gramu 5 na 10 ambavyo mafundi wa matairi hutumia kubalansi magurudumu vinafaa sana. Vibandike chini kabisa ya chasisi, karibu na ukingo wa kushoto.

Zingatia jambo moja linalowapotezea watu muda mwingi. Kuzungusha ringi za springi, zile za kwenye shoki zinazokaza au kulegeza springi, hakuwezi kubadilisha asilimia ya kushoto wala ya nyuma. Hizo hubadilika kwa kuhamisha vitu tu. Ringi hubadilisha mshazari: ukiikaza ya nyuma kushoto hadi gurudumu hilo lipate gramu 15 zaidi, mbele kulia nako hupata 15, na zile pembe mbili nyingine hupoteza 15 kila moja. Kwa hivyo, baada ya kuhamisha betri, pima upya, kisha kaza ringi ya nyuma kushoto hadi mshazari ufike asilimia 52 hivi. Gurudumu lako la nyuma kushoto litabaki na mzigo unapotoa moto, na halitazunguka bure upesi.

Pia lishushe gari. Sisi tuliokua tukitazama Safari Rally tumezoea kuamini kwamba gari la vumbi lazima lisimame juu, na kwa mawe ya Naivasha hilo ni kweli. Kwenye uwanja uliosawazishwa, kimo hicho ni hasara tupu: ukishusha kitovu cha uzito kutoka milimita 50 hadi 45, uzito unaohama unapungua kwa asilimia 10 bila gharama yoyote. Shoki za pikapu ni ndefu, basi fungua kila moja na uweke pete ndogo za plastiki kwenye shina, chini ya pistoni, ili isinyooke kupita kiasi. Chasisi ikikaa kama milimita 25 juu ya ardhi itatosha.

Binti_wa_South_B amejibu:

Nimefurahi kusoma hesabu hizi, na kuhusu kuhamisha betri na kulishusha gari ninakubaliana na Mzee Fundi kikamilifu. Ninatofautiana naye kwa heshima katika hatua ya pili. Ndugu Utawala ana shida mbili, na kuongeza mshazari hutibu ile ya kutoka kwenye kona huku kukizidisha ile ya kuingia. Mshazari ukipanda, gari huwa gumu kugeuka, na lake tayari linapanua kona. Gurudumu la ndani linalozunguka bure ni suala la difu kwanza, na ningeanzia hapo.

Difu iliyo huru hugawa nguvu sawa kwa magurudumu yote mawili, na nguvu hiyo haiwezi kuzidi ile ambayo gurudumu lenye mshiko mdogo linaweza kuihimili. Kwenye kona ya kushoto gurudumu hilo ni la nyuma kushoto, na ndilo linalokurushia vumbi. Likishika tena kwa ghafla, nguvu inarudi kwa mkupuo na mkia unaponyoka. Difu za magari ya kununuliwa dukani mara nyingi huja na grisi kidogo tu. Kama yako ina gasketi na inaweza kufungwa isivuje, ioshe, uitie mafuta ya silikoni namba 5,000 (namba ikipanda, mafuta ni mazito zaidi), na ukimbie uone. Usiruke moja kwa moja hadi 10,000 au zaidi, kwa kuwa difu nzito huzuia magurudumu yasitofautiane mwendo, na hilo nalo husukuma pua nje wakati wa kuingia. Kama ni difu ya gololi, kaza skru yake kwa robo ya mzunguko kila mara.

Kuhusu tairi kubwa la nyuma kulia, ningependa tulielewe vizuri kabla hujatumia pesa. Magari makubwa ya uwanja wa udongo kule Marekani huwa na ekseli ya nyuma isiyo na difu. Magurudumu mawili ya nyuma yamefungwa pamoja na lazima yazunguke kwa kasi moja. Gari kama hilo hugeuka lenyewe kushoto ikiwa tairi la kulia ni kubwa. Tukichukua kona yako ya mita 3 na upana wa milimita 250, gurudumu la nje hufuata duara la mita 3.125 na la ndani 2.875, uwiano wa 1.087. Maana yake, pamoja na tairi la kushoto la milimita 90, la kulia lingehitaji kuwa na karibu milimita 98 ili yote mawili yabingirike bila kuburutwa. Gari lako lina difu, na kazi hiyo hufanywa na difu yenyewe. Faida ya tofauti ya matairi kwako itategemea difu imekazwa kiasi gani, na kwa difu huru itakuwa ndogo sana.

Kitakachotokea kwa hakika ni kwamba kona ya nyuma kulia itainuka kwa nusu ya tofauti ile, karibu milimita 4, na uzito utaongezeka nyuma kulia na mbele kushoto. Yaani mshazari wako utashuka bila wewe kujua. Wapo waliofunga tairi kubwa wakaona gari limekuwa jepesi kugeuka na wakasifu tairi, ilhali ringi ya springi ingewapa matokeo hayohayo bure. Kwa hivyo ukilijaribu siku moja, rudi kwenye mizani kabla hujatoa hukumu.

Bawa nalo liache kwa sasa. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ina uzito pungufu kwa karibu asilimia 15 ikilinganishwa na ya pwani, kwa hivyo bawa lilelile hukandamiza gari kwa nguvu pungufu hapa. Wanaonakili vipimo vya bawa kutoka viwanja vya nchi za tambarare wakumbuke hilo, na wakumbuke pia kwamba hewa hiyo nyepesi hupoza mota vibaya zaidi.

Shamba_la_Kiambu amejibu:

Wapendwa, mmeeleza gari kwa ustadi, lakini udongo wenyewe haujatajwa tangu swali lilipoulizwa, na udongo mwekundu hubadilika ndani ya siku moja kuliko ringi yoyote ya springi inavyoweza kulibadilisha gari. Ndugu Utawala hajatuambia shida yake hutokea saa ngapi. Uwanja uliomwagiliwa alfajiri huwa na unyevu saa tatu asubuhi, na kufikia saa saba mchana ule mstari ambao kila mtu anaupita huwa mgumu, mweusi na unaong'aa, huku pande zake zikijaa vumbi laini. Hizo ni nyuso mbili tofauti, na zinahitaji matairi tofauti.

Bonyeza dole gumba kwenye mstari wa mbio kabla ya kila mzunguko wa mashindano. Alama ya dole ikibaki na kidole kikatoka safi, unyevu unatosha, na matairi yenye vipini (vile vinundu vya mpira usoni mwa tairi) virefu laini yatachoma na kushika. Kidole kikitoka na unga mwekundu, juu pamekauka na vipini virefu vitapinda tu juu ya vumbi. Alama isipoingia kabisa na ardhi inang'aa, tumia matairi ya mpira laini ambayo vipini vyake vimelika hadi vimekuwa vifupi. Msiyatupe matairi yaliyochakaa, kwa sababu adhuhuri ya Januari hapa kwetu ndipo huwa na thamani zaidi. Kagua pia vipini vyenyewe baada ya kukimbia. Mbele kulia, vikiwa vimelika ukingo wa nje pekee na vya ndani bado vina vumbi la jana, tairi hilo halilali sawasawa kwenye kona, na hakuna mafuta ya difu yatakayoliponya.

Kuhusu kumwagilia, mwageni maji jioni ya siku inayotangulia, mengi na polepole, ili yaingie chini, kisha mnyunyizie kidogo tu asubuhi. Maji ya asubuhi pekee hulowesha ngozi ya juu, ambayo magurudumu huing'oa ndani ya dakika chache. Viwanja vingine vya Marekani huchanganya sukari kwenye maji ili uso ushikamane na usitoe vumbi. Kwetu molasi inapatikana kwa urahisi kwenye maduka ya pembejeo za kilimo kwa ajili ya lishe ya ng'ombe, na ukiichanganya na maji mengi hufanya kazi hiyo, ingawa itawaletea sisimizi na nyuki, na itawabidi kuosha matairi kwa maji ya uvuguvugu baada ya mbio.

Kwa vile chini yenu kuna udongo wa pamba, nawaonya pia kwamba mvua za Machi hadi Mei zitaufanya uvimbe, na ukikauka utapasuka na kuupasua ule mwekundu wa juu. Mngeweka kwanza tabaka la murram lililoshindiliwa, kisha mwekundu juu yake.

Utawala_RC amejibu:

Nawashukuru nyote kwa moyo. Nimehamisha betri, kidhibiti mwendo na risiva, nimelishusha gari kwa pete ndani ya shoki, nimetia difu mafuta ya 5,000, kisha nikakaza ringi ya nyuma kushoto kidogo. Mizani sasa inasema: mbele kushoto 465, mbele kulia 475, nyuma kushoto 785, nyuma kulia 675. Kushoto ni asilimia 52, mshazari 52 na nusu.

Kutoka kwenye kona kumebadilika kabisa. Gurudumu la kushoto linashika mapema na mkia unatulia, na ninaweza kutoa moto nikiwa bado katikati ya kona. Dada wa South B, tena, alisema kweli kuhusu kuingia: asubuhi, uwanja ukiwa na unyevu, gari linafuata usukani vizuri, lakini kuanzia saa sita uso ukiwa mgumu linapanua kona kama zamani, labda zaidi. Nimeangalia vipini vya mbele kulia kama alivyoelekeza ndugu wa Kiambu, na ni kweli vimelika ukingo wa nje tu. Nifanye nini mbele bila kuharibu nilichokipata nyuma?

Binti_wa_South_B amejibu:

Hongera, umefanya kazi safi. Vipini vyako vimekwisha kukujibu nusu ya swali, basi anza na jinsi magurudumu ya mbele yalivyosimama. Kwenye kona ya kushoto gari hulala kulia na magurudumu huinama pamoja nalo, kwa hivyo yapaswa kuanza yakiwa yameinama kushoto yote mawili. La kulia liwe na kichwa kilichoingia ndani, nyuzi 4 hivi. La kushoto liwe na kichwa kilichotoka nje, nyuzi 2. Utaona gari limesimama kishamba kidogo ukilitazama kutoka mbele, na watu watakuuliza kama limegongwa, lakini kimbia nalo kisha uangalie vipini tena. Endelea kurekebisha fimbo ya juu ya kulia, ile inayoshika kichwa cha gurudumu, nusu mzunguko kila mara hadi vipini vilike sawasawa kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Magurudumu yakishainama, hakikisha bado yanatazama mbele, kwa kuwa kurekebisha fimbo ya juu husogeza na mwelekeo pia.

Pili, kwa kuwa difu sasa inabeba sehemu ya kazi, huhitaji tena mshazari wote huo uso ukikauka. Legeza ringi ya nyuma kushoto hadi gurudumu hilo lipoteze gramu 15, na utakuwa na asilimia 51 na kitu. Weka alama ya rangi kwenye ringi na kwenye shoki, ili saa sita ikifika uzungushe hadi alama bila kutafuta mizani, na asubuhi inayofuata urudishe.

Tatu, springi ya mbele kulia. Ukiweka iliyo laini kwa daraja moja kuliko uliyo nayo, sehemu ya mbele itakubali kulala na uzito mwingi zaidi utahamia kupitia nyuma, kwa hivyo tairi la mbele kulia halitalemewa upesi. Hii ndiyo springi pekee ambayo ningekuambia uinunue. Baada ya kuibadilisha, rekebisha ringi yake hadi mizani isome kama awali, vinginevyo utakuwa umebadilisha mambo mawili kwa mara moja na hutajua lipi lililosaidia.

Mwisho, kagua breki ya kuachia kwenye kidhibiti mwendo, ile inayopunguza kasi unapoacha moto bila kubonyeza breki. Ikiwa sifuri, gari lako linaingia kwenye kona likiwa bado linaelea na mbele hakuna mzigo. Ongeza kidogo, tuseme asilimia 5, na uzito utasogea mbele kila unapoacha moto. Usiongeze kwa pupa, kwa sababu breki hiyo iko kwenye magurudumu ya nyuma pekee na ikizidi itafunga matairi na kuurudisha ule mkia unaoponyoka, safari hii mwanzoni mwa kona.

Fundi_Kariobangi amejibu:

Ninayaunga mkono yote aliyoyasema dada, na kwa gari lenye difu ya mafuta nakubali kwamba difu itangulie mshazari. Nyongeza yangu ni ndogo. Andika kwenye daftari kila badiliko pamoja na saa, hali ya udongo kwa ile njia ya dole gumba, na namba nne za mizani. Badilisha kitu kimoja, kimbia mizunguko ya kutosha hadi mikono yako itulie kwenye rimoti, ndipo uandike. Na kila unapobadilisha betri kwa nyingine, ipime kwanza: betri mbili za volti zilezile zinaweza kupishana kwa gramu 40 au 50, na kwa kuwa sasa imekaa upande wa kushoto, tofauti hiyo itabadilisha asilimia uliyoihangaikia.